Udongo wa Mzee Qamara

Ng'ombe ndio walioanza. Kila jioni wakirudi malishoni, badala ya kwenda zizini walikuwa wakizunguka nyuma ya nyumba mpya ya Modest, wanajipanga kando ya ukuta wa chumba cha bibi, na kuanza kulamba. Ukuta wa mbele hawakuugusa, wala wa pembeni. Ni ule wa nyuma tu. Bernadina, mke wa Modest, alikuwa ndani akitandika kitanda alicholalia mwanawe na bibi yake aliposikia ndimi zikikwaruza matofali upande wa pili, taratibu, bila haraka, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Akatoka na fimbo akawafukuza. Kesho yake wakarudi, na ndama wa jirani amewafuata.

Mkwewe, Selestina, alikuwa barazani kwenye kigoda akichambua maharage. Akacheka kidogo bila kuinua kichwa.

"Waache, mama Anitha. Wanamkumbuka mwenyewe. Ng'ombe hasahau."

Mwenyewe ni marehemu Mzee Qamara, baba yake Modest. Tembe lake lilikuwa pale chini ya shamba, limechimbiwa kwenye mteremko kama Wairaqw wa zamani walivyojenga, paa la udongo, watu upande huu na ndama upande ule. Mzee alipokufa lilibomoka lenyewe, likabaki kichuguu kikubwa cheusi ambacho mnavu wake ulikuwa mtamu kuliko wa kijiji kizima. Sasa kichuguu hakikuwepo. Kilikuwa kimesimama wima, kimegeuzwa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mwanawe, na Bernadina alikuwa anajua hivyo kwa sababu alikibeba kwa toroli kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kwanza ya namna yake kwenye mgongo ule wa kilima, ukipanda kutoka Karatu kuelekea Rhotia. Matofali ya kuchoma yanataka kuni, na kuni ziko msituni, na msitu una wenyewe wenye bunduki. Tofali za saruji ni za watu wa loji. Lakini udongo unaukanyaga kila siku. Unauchekecha, unautia saruji kiasi na maji kidogo, unaushindilia kwa mashine ya mkono, tofali linatoka limekaza, linamwagiliwa na kufunikwa nyasi mpaka likomae, halichomwi. Mashine ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa parokia. Bernadina ndiye aliyekwenda kufundishwa. Aliporudi, Modest akamwambia kushika mkono wa mashine si kazi ya mwanamke, akaushika yeye.

Kuta tatu alizifanya vizuri, huwezi kumsingizia. Aliondoa udongo wa juu, akachimba mpaka ule mwekundu wa chini usiokuwa na mizizi, kama mkewe alivyomwelekeza. Ilipofika zamu ya ukuta wa nne kiangazi kilikuwa kimekaza, sururu inarudi mkononi kama imepigwa kwenye jiwe, na mgongo unamuuma. Ndipo mama yake alipokuja akasimama pale shimoni.

"Mwanangu, unajenga. Na baba yako hayumo?"

Alitaka ndoo moja tu, imwagwe sakafuni, nyumba imjue mwenye ardhi. Ni jambo la adabu, na ndoo moja haijawahi kuangusha nyumba ya mtu. Lakini Modest alipokwenda pale kichuguuni na chepe, udongo ukaja kwa ulaini kama unga. Akatazama shimo lake gumu, akatazama kichuguu, akampa mama yake ukuta mzima. Heshima ni kitu kizuri, ila uvivu nao hupenda kukaa karibu yake, usionekane.

"Baba Anitha," Bernadina alimwambia siku ile, "huo ni udongo wa zizi. Una samadi, una mikojo ya ndama miaka na miaka. Tulikatazwa. Saruji haishiki humo."

Modest akaacha chepe. Mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Unamwita baba yangu samadi?"

Bernadina akashika mikono ya toroli. Ungekuwa wewe ungesema nini?

*

Masika yalianza kunukia upande wa msitu wa Ngorongoro kabla hayajafika. Ukungu ukawa unashuka mapema, na asubuhi ukuta wa nyuma ulikuwa na weupe kama chumvi iliyokaukia kwenye shuka. Selestina alikuwa akiufuta kwa kanga. Chini ya ukuta, kando ya kitanda chake, kila alfajiri kulikuwa na vumbi jipya laini, naye alilifagia kwa upole, hakulimwaga jalalani, alilipeleka kwenye mgomba.

Anitha, mtoto wa pekee wa Bernadina, alikuwa akilala na bibi yake kitanda kimoja, upande wa ukutani. Ndivyo ilivyo, mjukuu wa kwanza ni wa bibi. Asubuhi moja akaja jikoni na kidole chake cheusi.

"Mama, ukuta una shimo la kidole changu."

"Nani kalitoboa?"

"Mimi. Nilisukuma tu."

Bernadina akaenda chumbani, mkwewe akiwa bado anakunywa chai nje. Akatafuta lile shimo karibu na mto wa mtoto. Akaweka kidole pembeni yake, akasukuma bila nguvu. Kikaingia hadi fundo la pili. Akakichomoa, akanusa. Kilinuka zizi. Akashika chaga ya kitanda, akatazama juu. Juu ya ule ukuta zilikaa kenchi zote za paa la upande wa nyuma, na mabati, na mawe ambayo Modest aliyaweka juu ya mabati ili upepo usiyabebe, na chini yake yote alikuwa analala mwanawe.

Jioni akabeba blanketi la Anitha akalihamishia chumba cha mbele. Selestina hakupaza sauti. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umeona nini kwangu?"

"Sijaona kitu, mama. Ana kikohozi, lile vumbi linamsumbua."

"Sijamsikia akikohoa. Mtoto haondolewi kwa bibi yake hivi hivi. Kama kuna neno, liseme. Kama mimi nina jambo baya la usiku, liseme, majirani wasikie."

Hapo ndipo mkwewe alipomweza. Kumwondolea bikizee mjukuu bila sababu, kwa watu wale, ni kumwita mchawi bila kutamka. Na sababu yenyewe ilikuwa ni kumwita mume wake marehemu samadi. Bernadina alisimama na blanketi mkononi kama mwizi wa nguo. Modest akaingia akitoka kazini, bado na sare ya bustani ya loji, akatazama huku na huku, akachukua blanketi lile mkononi mwa mkewe, akalirudisha kitandani kwa mama yake.

Kesho yake kisimani wanawake wawili waliacha kuzungumza Bernadina alipofika. Habari ilikuwa imemtangulia.

*

"Gusa," alimwambia mumewe Jumapili baada ya misa, Selestina akiwa amebaki kanisani na jumuiya yake.

"Nimeshaugusa."

"Ugusie hapa, kwa mtoto."

Modest akapiga magoti kitandani, akasukuma kidole. Akakaa vile vile, kidole kiko ndani ya ukuta. Alikuwa anajua. Bernadina aliliona lile jambo likimshuka usoni, na kwa kitambo kidogo akampenda tena, akadhani sasa yamekwisha, watabomoa, watafyatua upya, watachekwa wiki moja na watapona.

"Nitapiga lipu," akasema Modest.

"Lipu?"

"Saruji nzito, nje na ndani. Ng'ombe hawatalamba tena, vumbi litakoma."

"Na maji yaliyomo ndani yatatokea wapi?"

"Yatakauka."

"Yatatokea wapi, baba Anitha?"

Modest akainuka akajipangusa magoti. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeomba, ingawa maneno yalikuwa ya kuamuru.

"Padre anakuja kubariki baada ya Pasaka. Kikundi chako chote kinakuja. Patrisi anasubiri mashine, ana watoto wanne kwenye kibanda cha mabati, na nyuma yake kuna wengine wanasubiri waone nyumba yangu inavyokaa. Leo nitoke nikawaambie imeoza kabla haijabarikiwa? Na mama nimwambie nini? Kwamba baba kaozesha?"

"Mwambie wewe ndiye uliyeozesha. Yeye alitaka ndoo moja."

Alijua amekosea kabla hajamaliza kusema. Modest hakumpiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alitoka nje akaanza kuchekecha mchanga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeziba ufa kwa lipu ili padre asiuone. Modest alipiga lipu siku tatu mfululizo, akaisugua ikawa laini kama kioo, akapaka chokaa juu yake. Ule ukuta ulikuwa mzuri kuliko kuta zote za nyumba. Jioni ng'ombe walikuja, wakanusa, wakatembea wakaenda zao zizini. Selestina aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea, na akaonekana ameumia kidogo.

"Umemfunika," akamwambia mwanawe.

"Nimemvisha, mama."

Hilo lilimpendeza. Siku ile alikula ugali wake wote.

*

Mvua ikaja. Ilinyesha asubuhi ikanyesha jioni, na katikati ikawa ukungu. Magari ya watalii yaliyopanda kwenda kreta yalikuwa yanarudi na matope mpaka madirishani. Bernadina alijifunza kuusikiliza ukuta. Kila akipata nafasi ya kufagia chumba cha mkwewe alikuwa anaugonga kwa kifundo cha kidole, juu ukasikika mzima, chini, usawa wa kitanda, ukasikika mtupu. Kila siku utupu ulikuwa umepanda kidogo. Lipu ilikuwa imejitenga na udongo, na katikati yake maji yamekaa yakitafuta pa kutokea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alikuwa akiwaza, na akawa halali vizuri, anasikiliza mpaka pumzi ya mumewe inamkera.

Kisha mlango wa chumba cha bibi ukaanza kukwama. Uliokuwa ukifunguka kwa kidole, sasa ulitaka bega.

"Mbao imevimba kwa unyevu," akasema Modest.

"Mlango wa mbele mbona haujavimba?"

Akaleta randa, akaupunguza mlango juu. Ukafunguka siku mbili, ukakwama tena. Akaupunguza tena. Bernadina alisimama akitazama zile nyuzi za mbao zikianguka sakafuni, akaona kwamba mume wake yuko tayari kuumaliza mlango wote kwa randa kuliko kukubali kuwa fremu imelala. Alimwonea huruma, na alimchukia, vyote viwili kwa pamoja, na hakujua kipi kianze.

Alijaribu tena njia ya Anitha. Alimwambia mtoto aombe mwenyewe kulala na mama. Mtoto akaomba. Selestina akamuuliza nani kamfundisha, na mtoto, ambaye hakufundishwa kudanganya, akajibu, "Mama." Kuanzia siku hiyo Selestina akawa anapika chungu chake peke yake.

*

Siku ya kubariki mvua haikupumzika. Turubai lililofungwa uani likajaa maji likakatika kamba, wageni wakakimbilia sebuleni kwa kelele za kicheko, viatu vimejaa tope. Padre alikuwa kijana, mgeni parokiani, mwenye haraka ya barabara kabla haijawa mbovu zaidi. Akanyunyizia sebule maji ya baraka, akanyunyizia chumba cha Modest na mkewe. Selestina akamshika mkono wa kanzu.

"Baba, chumba changu ndicho cha mwisho. Humo kuna mwenyewe."

Wakaingia wote waliotosha, wengine wakabanana mlangoni. Anitha alipandishwa kitandani ili aone. Padre akachovya, akarusha maji kwenye ule ukuta mweupe, na matone yakateremka. Bernadina aliyafuata kwa macho. Hayakuteremka wima. Usawa wa kitanda yalitoka nje, yakapita juu ya kitu kama tumbo, yakarudi ndani. Juzi hilo tumbo halikuwepo.

"Tokeni," akasema.

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanajibu sala.

"Tokeni humu ndani. Ukuta huu ni mbovu. Udongo wake ni wa zizi la zamani, haukushika saruji, utaanguka. Tafadhali, tokeni."

Sala ikakatika. Padre akamtazama, akatazama ukuta, kisha Modest. Wageni walianza kusogea kurudi nyuma, wa mlangoni wakatoka haraka kuliko wa ndani. Modest alicheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi.

"Mke wangu hajalala siku mbili kwa mapishi. Baba, endelea."

Padre alimalizia sala akiwa sebuleni. Wakala pilau. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikakatika kabisa. Ukuta ukasimama. Ulisimama wakati wa pilau, ukasimama wakati wa soda, na kila dakika uliyosimama ilikuwa inamfanya Bernadina kuwa mwongo zaidi. Mwenyekiti wa kikundi chake alichukua sahani mkononi mwake bila kumtazama. Patrisi, jirani yao, ndiye pekee aliyemsogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, ni kweli?" Kabla hajajibu Modest akamwita Patrisi aje amsaidie kubeba kreti.

Ndipo Selestina alipoinuka. Akasafisha mikono, akasimama katikati ya sebule ili kila mtu amwone, akamshika Anitha mkono.

"Njoo tulale kidogo, mjukuu wangu. Sisi hatumwogopi babu yako."

Akaingia naye chumbani. Akausukuma mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, ukafungika.

"Mama, nakuomba," akasema Bernadina akiwa mlangoni. "Nitukane, nirudishe kwetu, lakini mtoe mtoto."

Modest alimshika kifundo cha mkono. Alimshika mbele ya watu wote, akimwambia meno yakiwa yameumana, "Inatosha. Umenivua nguo, inatosha." Bernadina akangoja mpaka mkono ule ukalegea. Kisha akatoka nje, akazunguka hadi dirisha la chumba kile.

"Anitha," akaita, sauti yake nyepesi kabisa. "Padre anagawa pipi kwenye gari. Njoo kabla hazijaisha."

Akasikia kitanda kikilia, miguu midogo, mlango ukigongwa na mtoto akilia afunguliwe. Akasikia mkwewe akisema hakuna pipi, kisha mlango ukivutwa, kisha sauti zote mbili zikiwa sebuleni, ya mtoto ikikimbia na ya bibi ikimfuata kwa hasira. Walipotokea uani Bernadina aliwaona kwa pembe ya jicho. Wakati huo tayari alikuwa kwenye kona ya nyuma ya nyumba, jembe la kupalilia liko mkononi.

Hakupiga kwa nguvu. Hili alilisema baadaye na halikumsaidia. Alipiga mara moja, usawa wa kitanda, pale palipokuwa tumbo. Lipu ikatoa sauti ya kibuyu, ikashuka yote kwa mara moja kama shuka inayoachiwa kamba, na nyuma yake hakukuwa na matofali. Kulikuwa na udongo mweusi uliolowa, nao ukamwagika miguuni mwake. Kenchi zikapasuka moja baada ya nyingine. Mabati yakainama na mawe yake, yakaketi juu ya kitanda cha bibi.

Anitha alikuwa uani, mkono uko mdomoni, anatafuta gari la padre. Bernadina alimwona mzima, mikono yake miwili, miguu yake miwili, na hakusikia tena kitu kingine. Alifurahi. Alifurahi mpaka akakaa kwenye tope.

Watu walipofika nyuma ya nyumba walimkuta hapo, na jembe, na ukuta uko chini.

"Kavunja nyumba ya mume wake," akasema mtu mmoja. Na baada ya hapo kila mmoja alisema hivyo, kwa sababu ndivyo walivyoona.

*

Alirudishwa kwao Endabash bila mtoto. Modest hakumfukuza kwa maneno. Alisimamisha bodaboda, akamlipa mwenye nayo, akaingia ndani. Mvua zikaisha, mahindi yakabeba, na mara zote Bernadina alipotuma mtu kumwomba Anitha aje hata siku moja, jibu lilikuwa lile lile: kuna neno halijasemwa.

Mwishowe ukoo ukakaa. Aliyewakalisha ni Mzee Adrian, mdogo wa marehemu, mtu mtaratibu aliyekwisha kupatanisha ndoa nyingi na mashamba mengi zaidi. Bernadina alikuja na baba yake na kibuyu cha asali. Walikaa kwenye majani mbele ya kuta tatu zilizobaki; palipokuwa na wa nne pamefungwa turubai. Selestina alikuwa amempakata Anitha. Mtoto alikuwa amenyolewa nywele, na alimtazama mama yake kama anayemtazama mgeni aliyeahidiwa.

"Hatukukuita tukuadhibu," alisema Mzee Adrian. "Nyumba itajengwa. Tunataka neno moja, ili asali iliwe. Ukuta ule ulikuwa mzima, ukauvunja kwa hasira. Useme hivyo, mama yako akusamehe, mtoto arudi mgongoni kwako. Basi."

"Na kama haukuwa mzima, mzee?"

"Basi aliyeufanya mbovu ni kaka yangu aliyeko chini ya ardhi, na tutakaa hapa mpaka naye aje ajibu."

Modest alikuwa akitazama mikono yake. Bernadina alimngoja. Alimngoja kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akitaka aseme neno moja, la nusu tu. Modest akaendelea kutazama mikono yake.

"Mama, unaondoka tena?" akauliza Anitha.

"Ukuta ulikuwa mzima," akasema Bernadina. "Niliuvunja mimi kwa hasira. Mnisamehe."

Selestina akafungua mikono, na mtoto akaja. Alikuwa mzito kidogo kuliko alivyomwacha. Bernadina alimfunga kifuani kwa kanga, na machozi yalimtoka, na watu wakayaelewa watakavyo. Asali ikazunguka. Mzee Adrian akalamba kidole, akasema neno lililofungwa kwa asali halifunguliwi, na atakayelifungua ndiye atakayeulizwa.

Hapo ndipo Patrisi alipojikohoza. Alikuwa amekaa nyuma na majirani.

"Mimi nashukuru, shemeji. Kusema kweli nilikuwa nimesimama. Matofali yangu yako tayari yote, lakini tangu siku ile nilipata woga, nikamwambia mama watoto tungoje tusikie. Sasa nimesikia. Kesho naanza kupandisha."

"Udongo umechimba wapi?" akauliza Bernadina.

"Pale kwenye boma la marehemu baba yangu. Modest alinionyesha, unafyatuka kirahisi sana. Na mimi nikasema kama Mzee Qamara yumo kwenye nyumba ya mwanawe, mzee wangu kwa nini asiwemo kwenye yangu? Kuta zote nne."

Watu wakapenda maneno yale. Selestina alimshika Patrisi mkono kwa mikono yake miwili. Bernadina alifungua mdomo. Mzee Adrian alikuwa bado na asali kwenye ndevu, na alikuwa anamtazama yeye tu. Anitha alikuwa ameshaanza kusinzia, pumzi yake ya moto iko shingoni kwa mama yake.

Kesho, Bernadina akajiambia. Kesho nitamwendea mkewe, tuwe wawili tu.

*

Alikwenda mapema, mtoto akiwa mgongoni, hakutaka kumwacha kwenye nyumba ile hata kwa saa moja. Ndeshi, mke wa Patrisi, alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyeolewa pale, mchapakazi, asiye na maneno ya kisimani. Alikuwa uani anayamwagilia matofali, yamepangwa safi na kufunikwa nyasi. Ukitazama kwa mbali huoni kasoro. Bernadina alichukua moja la pembeni, akalikwaruza kwa ukucha. Likatoka unga mweusi.

"Dada Ndeshi, nisikilize, na usiseme umesikia kwangu. Msijenge na haya. Ukuta wetu haukuwa mzima. Jana nilisema vile kwa sababu ya huyu hapa mgongoni."

Ndeshi akaweka ndoo chini. Alimtazama Bernadina, si kwa ubaya, akamtazama Anitha, akamwekea mtoto sawa ncha ya kanga iliyomfunika jicho.

"Bibi yake huyu alipita jana jioni," akasema. "Aliniambia utakuja. Aliniambia utasema hivi hivi, na kwamba nisikukasirikie, una uchungu wa nyumba yako."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi nionaje, mama Anitha? Nilikuwa nimekuamini mimi. Patrisi anajua, mimi ndiye niliyemwambia asimame. Jana umesema mwenyewe mbele ya wazee, asali umelamba." Aliinama akachukua ndoo. "Watoto wangu wameloa masika mawili. Nimwambie nini mwanamume, kwamba leo umebadilisha?"

Kutoka nyuma ya kibanda Patrisi aliita kwamba kamba ya msingi imenyooka, walete matofali. Watoto wakatoka mbio, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akabeba moja kichwani, na mdogo kabisa, ambaye hakuweza, akapewa nusu.